Viti Visivyokaliwa

Siku ile naikumbuka mpaka harufu ya vumbi lake, mwanangu. Ulikuwa mnada pale Kambarage, mjini Shinyanga, vinauzwa vyombo vya nyumba za Wazungu wa mgodini waliokwisha kurudi kwao. Dalali akainua kiti kimoja kifupi, miguu myembamba, mgongo wa ubao mmoja uliopindwa. Watu wakacheka, "Kiti gani hicho, kimelala chali!" Mimi nikasogea mbele. Nilishakiona kitabuni: kazi ya mbunifu wa Ulaya, na vilitengenezwa vichache tu. Nikapandisha bei mpaka wote wakanyamaza.

Basi nikawa mtu wa minada. Shinyanga, Geita, popote penye nyumba ya zamani inayofungwa, nipo. Nikafikisha viti tisa. Jioni jua likiingia dirishani nilikuwa naketi sakafuni, ndiyo, sakafuni, nikitazama vivuli vyake vikitembea ukutani taratibu, na dunia yote inanipotea. Nikishiba kuvitazama, navifunika shuka. Hakuna aliyekalia hata kimoja. Hata mimi.

Wakati huo nilikuwa nimemchumbia Minza, binti wa kijiji cha Kharumwa. Nilimpenda, wee, usinione hivi! Bibi yake aliyemlea akasema hatoi neno mpaka apaone atakapoishi mjukuu wake. Akaja na fimbo yake, ametoka kutibiwa goti hospitali ya Kolandoto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

Kwetu Wasukuma unajua: mgeni hupewa kiti kwanza, maneno baadaye. Nami, Mungu anisamehe, nikakimbilia kwa jirani kuazima kiti cha plastiki. Niliogopa ile fimbo itakwaruza ubao. Jirani hayupo. Narudi, bibi bado amesimama, goti linamtetemeka, ameinua pembe ya shuka anachungulia.

"Hivi vyote ni viti?"

"Ndiyo, bibi. Ila havikaliwi. Ni adimu."

Akanitazama bila hasira, kwa huruma hasa. "Na Minza wangu ukimwoa, utamfunika shuka?"

Nikaanza kuvuta mashuka kama kichaa, kaa hapa bibi, kaa hiki, lakini alishageuka. Alitembea na goti lile mpaka stendi. Baada ya siku chache mshenga wangu akaitwa, akaambiwa hapana. Minza akaolewa na mwenye mashine ya kusaga. Nililia, mwanangu, tena sana, na viti tisa vikinitazama.

Sasa nakuona na wewe na simu yako, unashindania viti kwenye minada ya mbali, macho yamekulegea kama yangu enzi zile. Sikukatazi. Kizuri kitafute, kipende. Ila siku utakayoona fimbo ya mgeni inakutia hofu kuliko goti lake, kiuze kitu hicho kesho yake. Mtu akiingia kwako, mkalishe kwanza, tena pale pazuri kuliko pote.

Mungu akupe jicho la kuona uzuri, na nyumba ambayo bibi wa mtu yeyote ataingia, aketi, aseme, "Aah, nimepumzika."