Mkwe Aliyeshusha Nyuzi za Gitaa Langu

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani, hata la yule mwanamke aliyeanza kucheka siku ile kanisani. Sitayaandika. Watu wa huku wakijiona kwenye karatasi wanakuja nyumbani kunywa chai na kukusahihisha.

Mimi ninapiga gitaa katika kwaya ya akina mama hapa Bulembia, mjini Kasese. Shule niliacha darasa la tatu, gitaa sikuacha. Marehemu mume wangu alilinunua kwa mwenzake wa mgodini, akanifundisha mkono wa kushoto. Wa kulia nilijifundisha mwenyewe. Yeye alizichokoa nyuzi moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Mimi ninazipiga zote pamoja, kama ninatwanga muhogo. Akina mama wetu wana vifua. Nisipotwanga, gitaa halisikiki.

Shida ilianza na vidole. Nyuzi zilikaa juu mno, mbali na shingo ya gitaa, na kuzibonyeza ilikuwa kama kubonyeza waya wa uzio. Jumapili jioni nilikuwa siwezi hata kumenya ndizi. Nyimbo zikaanza kuniponyoka katikati. Kiongozi wa kwaya akanivuta pembeni.

"Nyanya, pumzika," akasema. Aliniita nyanya makusudi, maana umri wetu ni mmoja. "Vijana wamepata kinanda. Kinapiga na ngoma chenyewe."

"Na kuimba kitaimba chenyewe?"

"Nasema tu. Siku ya mavuno tuna wageni. Gitaa likishindwa, tunatumia kinanda, na baada ya hapo hatuhangaiki tena na gitaa."

Nikaelewa. Ukishaambiwa upumzike kanisani, kitu kingine utakachopewa kushika ni ufagio.

Sasa, fundi wa magitaa anayejua kazi yake yuko Bwera, kule mpakani. Alivuka kutoka upande wa Kongo. Ubaya wake mmoja tu, amemwoa binti yangu. Kwetu mama mkwe na mkwe wanaheshimiana mpaka inachosha. Hatukai mkeka mmoja, hatutazamani machoni, hatupaziani sauti. Nikimwona anakuja njiani naingia kwenye mihogo ya watu. Wamezaa watoto watano na mimi bado sijajua pua yake ikoje.

Nikalifunga gitaa kwa kitenge, nikaenda. Mimi nikakalishwa sebuleni, mkwe akabaki uani kwenye benchi lake la kazi, nyuma ya ukuta. Binti yangu akasimama mlangoni katikati yetu.

"Umwambie mama apige vile anapigaka siku zote," mkwe akasema. "Nyuzi inafuata mukono ya mutu. Mwenye kupiga polepole, tunaikalisha karibu na shingo, vidole vinapumzika. Mwenye kupiga na nguvu, nyuzi inataka nafasi ya kuruka. Ikikosa nafasi inagonga vile vyuma vya shingo, inaanza kulia vibaya."

Maneno yamenyooka. Lakini wewe niambie, mwanamke aliyelelewa anatwangaje gitaa masikioni mwa mkwe wake? Nikajifunika mabega, nikageuka upande, nikazigusa nyuzi kama ninapapasa kifaranga. Hata mimi mwenyewe nilisikia kwa shida.

Binti akanitazama. "Mama, ndivyo unavyopiga?"

"Ndivyo."

Ukuta ukajibu, "Mukono ya mama iko laini sana. Bien, ni muzuri. Nashusha."

Chini, karibu na tundu, kuna kifupa kinachobeba nyuzi. Akakitoa, akakisugua kwa msasa mpaka kikafupika, akarudisha nyuzi, akapima kwa njiti ya kiberiti. Njiti ikipita kati ya uzi na shingo kwa kubanwa, basi. Kweli, vidole vilipona siku hiyo hiyo. Nilirudi Kasese na kiburi.

Jumapili, wimbo wa kwanza, nikashusha mkono ninavyoujua mimi. Gitaa likalia kama nyuki waliofungiwa kwenye chupa. Nikaongeza nguvu, nyuki wakaongezeka. Yule mwanamke wa sauti ya pili akacheka mpaka akakaa. Kiongozi hakucheka. Alitazama kinanda kwenye kona, namna unavyotazama sufuria wakati una njaa.

"Nani ameliharibu?" akaniuliza nje.

Nikainama kulifunga gitaa kwa kitenge. Kumsema mkwe ni kosa lingine tena.

Mavuno yalibaki wiki mbili. Nikarudi Bwera.

"Mama, ulimdanganya," binti akaniambia.

"Sikumdanganya. Nilimheshimu."

"Basi heshima yako imeliwa na msasa. Kifupa hakirefuki. Achonge kipya, na mara hii akusikie kweli."

Nikajaribu, ndugu msomaji. Mkono ukakataa. Mkwe akahama kutoka ukutani akaenda nyuma ya jiko. Mkono bado. Akaenda nyuma ya choo. Nikasikia anakohoa huko, mkono ukalala kabisa.

Mwisho binti akasema mume wake ameondoka, ameenda sokoni Mpondwe kutafuta mfupa wa ng'ombe, na hatarudi mpaka jioni. "Tuko wanawake watupu. Piga nifurahi."

Nilishusha pumzi. Nikatupa kitenge, nikavua viatu, nikaupiga wimbo wa mavuno wote, beti na kiitikio, mguu unakanyaga sakafu, sauti juu, na pale mwisho nikaongeza vigelegele. Kuku walitoka sebuleni wenyewe.

Halafu, chini ya dirisha, taratibu:

"Njiti mbili."

Niliingia chini ya kitenge chote, kichwa na miguu.

"Mama asiogope," sauti ikasema. "Mimi sikuona kitu. Sikio tu ndiyo ilipita hapa."

Binti alikuwa ameshikilia mlango asianguke kwa kicheko. Adabu ya miaka yote ile, imemalizwa na beti nne.

Mfupa alikuwa nao tangu asubuhi, umeshachemshwa na kukauka. Akauchonga. Kisha akabadili shauri. Njiti mbili, alisema, ni za vijana wa bendi, zingenirudishia maumivu yale yale. Akapasua njiti ya pili kwa wembe, akapima kwa moja na nusu. "Hapa mama anaweza kutwanga," akasema, "na vidole vyake vitalalamika kidogo tu."

Siku ya mavuno vililalamika kidogo tu. Mkwe alikuja, akakaa benchi la mwisho, uso chini kama inavyotakiwa. Nyuzi zikaruka zilivyotaka, nyuki hakuna. Katikati ya wimbo wa pili kiongozi akaniinamia sikioni bila kuacha kuongoza.

"Nyanya, punguza. Wageni hawasikii maneno."

Sikupunguza.