Muhidini Alivyokufa Pangani

Jirani yangu Muhidini, mkata mkonge wa Ngombezi, alikufa Pangani mchana kweupe, jioni akarudi kula ugali. Walikuja watu wa filamu, wakitaka kuonyesha uzuri wa mlango wa mto, na meli za zamani zilivyokuwa zikipanda fungu la mchanga pale na kuvunjika. Wakahitaji mabaharia wa kufa maji. Wenyeji wa Pangani waligoma: nani ajifanye maiti mbele ya maji yale? Ndipo wakapanda bara kutafuta mtu asiyeyajua. Wakampata Muhidini, Mzigua wa Handeni, ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya pipa.

Alikufa vibaya. Kila kamera ikimsogelea, maiti anafumbua jicho na kumwamkia mwongozaji. Mwisho akameza maji ya chumvi, akalegea kweli, na wale wakashangilia.

Mwenzake wa mkongeni, Ukasha, alikuwa akirekodi kwa simu, akairusha video kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Handeni bila neno. Watu wetu nao, video wanaiamini kuliko macho yao. Kesho yake msiba ukashuka kutoka Handeni: gari zima la ndugu, magunia ya mahindi, vilio tangu barabarani. Hata hawajashuka, Muhidini akatoka kuwapokea mizigo.

"Wewe ingia ndani," Mzee Mhina wa mtaani kwetu akamkemea. "Watu wamekuja kulia, unawavuruga."

Akaingia, mjinga yule! Akajibanza nyuma ya pazia, maana alimwona dada yake Mashavu akishuka. Siku ya kumzika mume wa Mashavu, basi lilimharibikia Muhidini njiani, akafika watu wanakung'uta udongo. Tangu hapo dada hakusema naye. Simu hapokei, salamu harudishi. Jambo hilo lilimla Muhidini kuliko umaskini. Nilimsikia mara nyingi akilizungumza na mbuzi wake.

Mashavu akaketi mkekani, akalia. "Mdogo wangu, nitamnunia nani sasa?"

Nyuma ya pazia maiti akaangua kilio kuwashinda wafiwa. Wakalifunua. Kisha Mashavu akavua kandambili.

"Mbwa wewe! Mshenzi! Umeniliza njia nzima, nimetapika garini kwa ajili yako! Huna haya?"

Akamcharaza mpaka uani, hachagui mahali. Tukakimbilia kuamua. Muhidini akatusukuma, machozi yanamtoka, huku anacheka.

"Mwacheni," alisema. "Mwacheni, jamani. Anasema na mimi."