Chumvi ya Pembe ya Nyuma

Kila asubuhi, kabla sijatia hata chai mdomoni, nilikuwa nafuta chumvi. Kitambaa kimoja chenye siki, kingine kikavu, na ndoo ya maji baridi. Naanza juu ya kioo, nashuka pembeni, nazunguka nyuma ambako hakuna anayeangalia ila madam, mwenye nyumba. Kufikia saa tatu tangi linang'aa kama duka la dhahabu. Kesho yake chumvi imerudi palepale. Sijapata kuona kazi ya kipumbavu kama ile, na mimi nimewahi kufua nepi za mwanangu na mashuka ya watu wanane kwa siku moja.

Tangi lilikuwa na urefu wa kitanda, limekalia stendi ya chuma sebuleni Riyadh, na ndani yake samaki kumi na moja wa maji ya bahari. Riyadh haina bahari. Riyadh ina mchanga, saruji na winchi za ujenzi, na hewa kavu inayokupasua midomo ukiwa umekaa tu kitako.

Mambo yalianzia Jeddah. Mimi na mume wangu tulikuwa tukiishi Bani Malik, chumba kimoja katika fleti ya familia tatu. Yeye alikuwa dereva wa kafili wetu, bwana ambaye jina lake ndilo lililokuwa kwenye ikama zetu, vibali vya kuishi kule, na mimi nilisafisha nyumba ya bwana huyohuyo. Sote tulimwita baba. Biashara yake ilikuwa saruji. Miaka ile mafuta yalikuwa yamepanda, kila mtu anajenga, na Riyadh ndiko wanakojenga kama waliopagawa. Basi baba akahamisha nyumba nzima: makabati, mazulia, sisi, na tangi.

Tangi lilikuwa la madam. Amezaliwa Balad, mtaa wa kale wa Jeddah, na hakutaka kuhama. Alimwambia mumewe mbele yetu, "Mimi siendi jangwani bila bahari." Baba akacheka. Akadhani maneno yameishia hapo. Hayakuishia. Wapagazi walilipakia lile tangi kwenye lori la saruji, limefungwa mablanketi, likarushwarushwa barabarani karibu kilomita elfu moja, na hakuna aliyeuliza kioo kilichounganishwa kwa gundi ya mpira kinasafirije.

Kisha maji. Madam hakuamini maji ya bomba yaliyotiwa chumvi ya paketi. Alitaka maji ya Jeddah. Kila mwezi mume wangu alikwenda na pikapu, akajaza madumu arobaini ufukweni, akarudi. Safari moja askari wa kizuizini akamsimamisha.

"Umebeba nini?"

"Bahari."

"Unanifanyia mzaha?"

"Onja, bwana mkubwa."

Askari akaonja, akatema, akamwita mwenzake naye aonje. Mume wangu aliisimulia hadithi hii mpaka nikamwambia akiirudia tena nitalala chumba kingine. Ila chumba kingine hakikuwepo. Tulikuwa nacho kimoja, stoo nyuma ya sebule, ngazi moja chini yake, ukuta wake ndio ule ulioegemewa na tangi. Mlango ulikuwa kando ya stendi. Ndani tuliweza kutandika magodoro mawili, letu na la binti yetu, aliyekuwa na miezi saba tulipohamia.

Kuhusu binti yetu, madam aliniita siku ya kwanza. Hakuwa mkali. Alisema kama anayepanga vyombo. "Mtoto akae. Lakini nyumba ikilegea, namkatia tiketi, anakwenda kwa bibi yake Mombasa. Watu wanaorudi huko hawakosekani."

Nikasema, "Sawa, madam." Ningesema nini? Nilikuwa bado nanyonyesha. Nikaingia stoo nikakaa juu ya godoro na hasira yangu. Tangu siku hiyo nikawa nasafisha kama mwenye wazimu.

Halafu binti yangu akaanza kuota meno. Siku nne homa, siku nne nipo naye begani, nafagia kwa mkono mmoja. Sehemu za mbele za tangi nilifuta. Pembe ya nyuma, upande wa mlango wetu, nikaiacha. Siku ya tano nikainama na kitambaa changu, nikaona mstari. Mstari mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea, umeanzia shubiri moja kutoka chini na kupanda kidogo, halafu ukaisha. Juu yake kioo kisafi. Chini yake kioo kisafi.

Nikabaki nimechuchumaa, mtoto begani, nikifikiri. Chumvi ya juu ya tangi niliijua. Ile pampu ya hewa inatoa povu, povu linapasuka, linarusha matone, yanakauka. Lakini povu halipasuki shubiri moja kutoka chini. Maji yalikuwa yanapenya kwenye maungio ya kioo.

Nikapapasa. Pakavu. Nikapapasa zulia. Kavu kabisa. Ndipo nikaelewa ujanja wa mji ule. Jeddah kila kitu kilikuwa na unyevu, kioo kinatoka jasho mchana kutwa, tangi lingevuja usingejua lipi jasho lipi maji. Riyadh tone halipati nafasi ya kuanguka. Hewa inalinywa, inaacha chumvi peke yake. Na mimi, mfanyakazi hodari, kila asubuhi nilikuwa naifuta. Miezi mitatu nimefuta kitu pekee kilichokuwa kinatuambia.

Nikamwita madam. Akaja, akapitisha kiganja juu ya zulia, akanionyesha.

"Mafi moya," akasema. Hakuna maji.

"Yanakauka, madam. Tazama chumvi."

"Chumvi iko kila mahali. Ndiyo maana una kitambaa. Yalla, kazini."

Mume wangu naye, jioni, anavua viatu. "Wewe futa tu, mama. Unataka turudishwe kwa ajili ya uzi wa chumvi? Kidato cha nne kilikufundisha matangi?"

"Kilinifundisha kwamba maji yanateremka. Na anayelala chini kuliko wote humu ndani ni mwanao."

Akatazama godoro la mtoto, kichwa kimegusana na mlango, na waya wa pampu umepita sakafuni hapohapo kwenda kwenye soketi yetu, maana sebuleni madam hakutaka waya uonekane. Akauchukua ule waya, akaupandisha, akaufunga kwa misumari, akauacha uning'inie kidogo chini ya soketi kabla ya kuingia. "Fundi mmoja wa Jeddah alinionyesha," akasema. "Maji yakifuata waya, yaangukie hapa kwenye mning'inio, yasiingie kwenye umeme." Basi alikuwa ameogopa. Mwanaume akiogopa anapiga misumari.

Mimi nikaamua kutofuta. Tangi zima linang'aa, pembe ile naiacha. Uzi ukawa kamba. Kamba ikawa na vinundu. Siku ya saba madam alikuwa anatarajia wageni wa kike, akazunguka tangi kukagua, nikasikia jina la Mwenyezi Mungu, kisha jina langu.

"Hii ni nini? Wiki nzima? Uko wapi siku hizi, uko kwa mtoto tu?"

"Nimeiacha uione, madam. Panavuja."

"Halas! Wageni wanakuja saa kumi. Naona huyo mtoto anakuchosha. Nitazungumza na baba."

Nimeandika kwamba nilikuwa na hasira. Sasa niandike pia upumbavu wangu. Nilikwenda nikachukua wembe. Chumvi ile ilikuwa imeshikamana na gundi, siki haikuweza kuitoa, nami nikaikwangua kwa hasira, kwa nguvu, nikimtukana madam kimoyomoyo kwa kila mkwaruzo. Gundi ikatoka vipande vidogo kama kucha. Nikavifagia. Pembe ikang'aa. Wageni wakaja, wakanywa kahawa, wakasifu samaki.

Siku mbili baadaye baba na madam wakapanda ndege kwenda Jeddah kwenye harusi, siku tatu. Mume wangu yuko njiani na madumu. Asubuhi iliyofuata, mtoto anatambaa kutoka stoo, nikamwona amesimamisha kiganja, anakitazama. Kimelowa.

Kwa mara ya kwanza hewa ya Riyadh ilikuwa imeshindwa.

Nilimfunga mgongoni kwa leso. Nikazima pampu, nikachomoa waya. Kisha nikasimama mbele ya lile tangi, mimi na samaki tunatazamana. Nikiyamwaga, nimemwaga maji ya Jeddah ya madam. Mtoto anaondoka. Nikiyaacha, yatakuja yote kwa pamoja, na yatateremka ngazi moja. Basi nisiyamwage. Nikaosha beseni la kuogea, nikalisuuza mara tano maana sabuni inaua samaki, nikaleta ndoo zote, dishi za kufulia, masufuria. Nikachukua mpira wa bustani, nikatia ncha moja tangini, nyingine mdomoni, nikavuta. Watu hupenda kuandika kwamba maji ya bahari yaliwakumbusha kwao. Mimi nilitapika tu.

Nilibeba maji mpaka adhuhuri. Nilitaka yashuke chini ya ule mstari wa chumvi, basi. Yakibaki chini ya shubiri moja hayana pa kutokea. Samaki wengine nikawahamishia bafuni, wawili kwenye sufuria kubwa la pilau, wengine wakabaki tangini wamebanana ubavu kwa ubavu. Pampu nikaipeleka bafuni. Hata kitambaa sikuweza tena kukikamua. Mgongoni mtoto amelala, amenikojolea.

Samaki mmoja alikufa, yule wa manjano, ambaye madam alikuwa anamwita mchumba.

Mume wangu alifika kesho yake, akaona bafu. "Ala! Nimeleta bahari, kumbe nyumbani ipo." Hakucheka. Alikwenda kutafuta fundi wa vioo, mzee mmoja Myemeni aliyekuwa anaweka madirisha jengo la jirani, naye alikuja siku ambayo madam na baba walirejea. Kwa hiyo madam aliingia akakuta kila kitu kwa mpigo: tangi tupu, maji ya mwisho tumeyatoa kwa ajili ya fundi, fundi mwenyewe amepiga magoti, na samaki wake wanamtazama kutoka kwenye sufuria.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," nikasema.

Fundi hakugeuka. Aliishika gundi ya pembe ile kwa vidole viwili, akaivuta, ikabanduka yote juu mpaka chini kama utando wa maziwa. Akaweka pima maji juu ya stendi. Kiputo cha hewa ndani yake kikakimbilia upande mmoja. Stendi ilikuwa imepinda tangu siku ya kwanza, uzito wote unasukuma pembe ileile iliyolegea kwenye lori. "Lingefunguka," akasema. "Leo au kesho. Na hapa, nani amenyoa kwa wembe?"

Nilisikia mtoto anapumua. Nikasema, "Ni mimi pia."

Madam aliuweka mkoba wake sakafuni. Kisha akamwambia fundi, si mimi, "Mimi ndiye niliyemwambia ang'arishe."

Akapita kando ya stendi, akashuka ile ngazi moja, akaingia stoo yetu. Miezi yote ile hakuwahi kuingia. Alisimama akitazama godoro dogo, mlango, na alama nyeupe ya chumvi kwenye ncha ya shuka. Akatoka. Hakuomba radhi, na mimi sikuingoja. Lakini alimwambia mume wangu tangi lihamie ukuta wa pili, kando ya bafu lenye tundu la maji sakafuni, na waya uonekane, haidhuru.

Habari ya tiketi hakuitaja tena. Sikuiuliza. Bado nina hasira naye, na bado najua kwamba wembe ulikuwa mkononi mwangu.

Tangu hapo nilikataa kufuta kabla hajaona. Nilimwambia hivyo hivyo, wazi. Kila asubuhi nilisimama na kitambaa, mtoto ameng'ang'ania gauni langu, na madam anakuja na miwani yake, amechoka, nywele hajachana, anainama nyuma ya tangi, pembe moja, ya pili, ya tatu, ya nne, anatazama kweli. Kisha anajinyoosha, anashika kiuno.

"Haya," anasema. "Futa."