Hymavathi N. na Nemani H.

Dada Hyma anakaa ghorofa ya juu yetu hapa Tarnaka, mtaa wa Haidarabad, yeye na mama yake, bibi Kanakamma. Ni mtafiti wa dawa. Mimi niliishia shule ya msingi, lakini akirudi kazini hupita kwangu kumbeba mwanangu, na huku anamnusa nywele hunieleza mambo yake nikaelewa.

Siku moja nilimkaribisha nikiwa nashindilia embe kwenye mtungi wa achari, nikamuuliza hizo dawa zake zikoje.

"Achari yako na ya mama yangu," akasema, "embe zilezile, haradali ileile. Zinafanana?"

"Zinakaribiana sana. Ila mkono ni mwingine."

"Basi na dawa zangu hivyo hivyo. Zinatengenezwa na chembe hai, kwa hiyo huipati ileile ya kampuni iliyoivumbua. Unapata inayofanana nayo mpaka ugonjwa wenyewe usijue tofauti, na mgonjwa anaimudu bei yake. Kazi yangu ni kupima kama kweli zinafanana, kisha niandike."

Ameandika sana. Mwaka huu akaomba uprofesa, kwa sababu profesa hupewa maabara yake. Alikuwa amechoka kuazima mashine za watu kama anayegonga milango kuomba chumvi. Ila kamati haitazami tu umechapisha nini. Inatazama pia watafiti wengine wamekutaja mara ngapi katika makala zao.

Siku ya mahojiano nilimkuta amekaa kwenye ngazi, viatu mkononi, anacheka peke yake. Nikadhani amepata.

"Wanasema sitajwi vya kutosha," akaniambia. "Jumatatu wanakaa tena, na nisipopata sasa nitaazima mashine mpaka nistaafu. Mwenyekiti kanishauri kwa upole kabisa nisome kazi za mwanamke mmoja wa hapa hapa Haidarabad. Anatajwa kila mahali, nijifunze kwake."

"Nani huyo?"

"Hymavathi N."

"Si wewe?"

"Ni mimi. Kuna mwingine akaniuliza mbona namtaja sana huyo mama kwenye makala zangu, ni shoga yangu?"

"Ukawajibuje?"

"Nikasema asante."

Kosa lilikuwa la kwetu kabisa. Sisi jina la nyumba, yaani la ukoo, hutangulia, la mtu hufuata. Ujanani alijiandika kama alivyofunzwa nyumbani, Nemani Hymavathi. Majarida ya ng'ambo yakachukua la mwisho kuwa la ukoo, akawa Hymavathi N. Baadaye mhariri mmoja akamwambia ageuze, akawa Nemani H. Kompyuta ikahesabu wanawake wawili, na yule wa zamani ndiye mwenye sifa.

Bibi Kanakamma alikuwa ameshashuka, anasikiliza.

"Nani alikwambia uiweke nyumba yetu nyuma kama mkia?"

"Mhariri, mama."

"Huyo mhariri ana mama?"

Siku zilizofuata dada Hyma hakuonekana kwangu. Alikuwa akiandikia majarida, akikusanya makala zake za zamani zenye anwani yake ileile, mpaka wale wanawake wawili wakaunganishwa kuwa mmoja.

Jumatatu alirudi mapema, akamchukua mtoto kabla hata ya kuvua viatu.

"Walikata mara zote nilizojitaja mwenyewe," akasema. "Haki yao. Zilizobaki zikatosha na kuzidi."

"Na mwenyekiti?"

"Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akajitafuta naye kwenye kompyuta. Akajikuta ni watu watatu."

"Kwa hiyo umepata?"

"Nimepata." Akauficha uso kwenye shingo ya mwanangu, na mtoto akacheka kwa kutekenywa.

Maabara yake ina kibao kilichoandikwa Profesa Hymavathi Nemani. Cha mlangoni hapa juu bibi alikiagiza mwenyewe, na kinasema Profesa Nemani Hymavathi. "Huko kazini jiandike utakavyo," alimwambia. "Kwangu nyumba inatangulia."

Juzi mleta barua alisimama kwangu na bahasha mbili, majina yamepishana.

"Dada, hapo juu anakaa yupi kati ya hawa?"

"Wote wawili," nikamwambia. "Na mama yao."