Mahindi ya Ghala la Kijiji

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni bibi wa miaka sabini na nne, naishi Handeni, si mbali na Mkata. Anayeniandikia haya ni mjukuu wangu, na yeye ndiye aliyenivuruga. Pole zenu sizitaki, someni kwanza.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa nilikuwa bi mkubwa katika nyumba ya wake wawili. Mwenzangu alikuwa Mshambaa, mdogo kwangu, mpole hadi ananikera. Kule tulikotoka mahindi yalikaa darini, juu ya moshi wa jiko. Huku tuliyarundika sakafuni ghalani hayajakauka, maana kila kaya ilitaka ionekane imepeleka. Yakaota ukungu wa kijani. Tulipogawiwa, mwenzangu akamwaga fungu lake, akawa anapika bada, ugali wa muhogo. Nikamcheka kwamba ana maringo. Ya kwangu niliyaosha, nikayakoboa, nikayatwanga, unga ukatoka mweupe. Mume wetu hakuipenda bada, hata siku za zamu ya mwenzangu alikuja kula kwangu. Nikajiona nimeshinda.

Haikupita muda macho ya mume wetu yakawa ya njano, tumbo likajaa. Mimi na watoto tulitapika tukapona, yeye tukamzika. Siku ya arobaini watu walikaa kuulizana kilichomuua, na aliyesimama kusema ni mimi. "Muulizeni huyu, mbona mahindi yetu hakuyagusa? Alijua ameweka nini." Hakuna aliyenipinga. Mwenzangu alifukuzwa akiwa na mtoto mgongoni, akarudi kwao Magoma, upande wa Korogwe. Mlangoni aliniambia, "Dada, hayo mahindi yamwage. Hata kuku usiwape." Nikawapa kuku makusudi. Walipokufa nikasema mkono ni wake ule ule.

Sasa huyu mjukuu anasomea kemia chuo kikuu. Wenzake na yeye wanatafuta kipimo cha ini: tone la damu linadondoshwa kwenye kikaratasi kilichopakwa madini ya kuchochea kemikali za damu, umeme kidogo unapita, na ini linaloanza kuharibika linajulikana kabla macho hayajageuka rangi. Mwezi uliopita aliniuliza kama kwetu kuna aliyewahi kuugua ini. Nikamsimulia ya babu yake na mchawi wake, kwa fahari kama nilivyozoea. Akaacha kula.

"Bibi, mahindi yenye ukungu yanaua ini, na kuosha hakuondoi sumu. Babu hakupimwa, siwezi kukuapia. Lakini wale kuku je?"

Usiku ule niliwahesabu wale kuku mmoja mmoja.

Mwenzangu yu hai huko Magoma, macho hayaoni tena. Wanangu niliwalea wasimwamkie, na mtoto wake, ndugu yao wa baba mmoja, walishamfukuza msibani kwetu. Juzi mwanangu mkubwa kaniambia, "Mama, ukienda kwa yule mchawi usirudi kwangu." Maneno hayo nilimfundisha mimi mwenyewe. Mjukuu anasema Ijumaa atanipeleka. Nikienda nawapoteza wanangu uzeeni, nisipoenda mwenzangu atazikwa na jina la uchawi kwa ugali nilioupika mimi.

Nishaurini, wenye busara na wenye matusi pia. Nikifika mlangoni kwake, naanza na neno gani kwa mtu ambaye alinionya, tena akaniita dada?