Siri ya Mwosha na Fidia ya Mkono

Siku ya kwanza nilipoingia Ofisi ya Kazi pale Tanga, katika miaka ya hamsini, Bwana Afisa wa Kazi hakunipa kiti. Alinisimamisha mbele ya karatasi iliyobandikwa ukutani. Ilikuwa orodha ya viungo vya mwanadamu: jicho, sikio, kidole gumba, mguu, na kando ya kila kiungo fungu lake la fidia. "Soma mpaka uzoee," akasema.

Mimi nilitoka chuo cha Kurani pale Makorora, nimefundishwa kwamba mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu. Niliisoma ile karatasi asubuhi nzima, wala sikuizoea. Namshukuru Mola kwa kazi ile, maana ndiyo iliyonilelea watoto. Lakini nisiwadanganye vijana mnaozifanya kazi hizi sasa: mara nyingi niliifanya nikiwa sielewi.

Nilikuwa mkalimani. Sheria ya fidia, kama nilivyofafanuliwa, ilisema hivi: mtu akiumia kazini kwa sababu ya kazi, mwajiri hulipa, hata kama mtu yule alizembea kidogo. Ila hulipia kile tu kilichoharibiwa na kazi. Hapo penye "tu" ndipo mameneja wa mashamba walipopapenda.

Rajabu, Mbondei mmoja mcheshi aliyekuwa na nyumba Nguvumali, alikuwa akilisha korona katika shamba la mkonge kupita Pongwe. Korona ni mashine inayochuna jani la mkonge mpaka zibaki singa, yaani nyuzi. Siku moja singa zilimzinga mkono wa kulia zikamvuta. Hospitali ya mjini ikamkata kwenye kifundo. Meneja wa shamba alipoitwa ofisini alisema, "Mashine imekula vidole viwili. Kiganja kilioza kwa dawa zao za majani. Nitalipa vidole."

Nikatafsiri. Rajabu akautazama mkono wake uliofungwa kitambaa. "Muulize, bwana mkalimani, vile vingine nimevisahau wapi?"

Daktari aliyemkata alikuwa amekwenda likizo kwao Ulaya. Cheti alichoacha kilisema mkono umekatwa, hakikusema kwa nini. Wenzake wa zamu, kwa kuogopa kufukuzwa, walisema kila mmoja alikuwa akitazama kazi yake. Rajabu mwenyewe alikuwa amezimia.

"Mkono uko wapi?" Bwana Afisa akauliza.

"Umezikwa, Bwana. Nguvumali."

"Basi ufukuliwe."

Nililitafsiri neno lile kwa sauti ndogo, kana kwamba udogo wa sauti ungelipunguza uzito. Rajabu akatikisa kichwa. "Mwambie mkono wangu umetangulia, usisumbuliwe. Aliyeuosha yupo. Aulizwe yeye."

Aliyeuosha alikuwa Mwalimu Bakari, mwosha maiti wa mtaa ule. Nilimkuta barazani kwake anashona kofia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Nilipomweleza nililojia, akaacha sindano. "Umesoma chuo kwa nani?"

Nikamtaja mwalimu wangu.

"Basi unajua unachoniomba. Mwosha akitoka chumbani, macho yake huyaacha humo humo."

"Lakini Mwalimu, mkono si maiti. Mwenyewe yu hai."

"Nimeuosha kama maiti, nikaukafini kama maiti. Leo niseme si maiti kwa kuwa serikali imetaka?"

Nikaaga. Mtaani nako walikuwepo waliosema kipande cha mtu aliye hai hakina hata haja ya kuoshwa, na waliosema siri ni siri tu. Nilizunguka baina yao kama kuku aliyefungwa mguu. Bila Bakari, Rajabu angelipwa vidole viwili na maisha yake yote yangetegemea mkono mmoja.

Mwishowe Rajabu akaja mwenyewe pale barazani. "Mwalimu, maiti hawezi kukupa ruhusa. Mimi naweza. Mkono ni wangu, nami nimekuja kwa miguu yangu. Sema."

"Na siku ukija kunilalamikia?"

"Nitakuja na mkono mmoja, Mwalimu. Utanishinda."

Bakari akacheka mpaka kofia ikamwangukia mapajani. Kisha akaichomeka sindano, akauliza siku ya kwenda ofisini.

Mbele ya Bwana Afisa na meneja aliapa, akasema bila kumtazama mtu. "Mifupa ya kiganja ilikuwa imesagika kama muhogo kinuni. Singa zilikuwa zimesukika ndani ya nyama mpaka kifundoni. Nilizitoa moja moja. Nyingine zilikataa, nikazika nazo. Nyama iliyooza naijua. Ile haikuoza."

Meneja akatia sahihi. Rajabu akalipwa mkono mzima, akafungua kibanda cha kahawa.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe Nguvumali watu wakaacha kumwita Bakari. Mama mmoja alisema waziwazi kisimani, "Leo mkono wa Rajabu, kesho atasema ya marehemu wangu." Nilikwenda kumwomba radhi.

"Tulia, mwanangu," akaniambia. "Haki imefika. Haya yaliyobaki ni yangu." Akaendelea kushona kofia, na maiti za mtaa wake zikaoshwa na wengine.

Mpaka leo sijui hayo nayo yana fidia gani. Ile karatasi ya ukutani ilikuwa na fungu la jicho na fungu la kidole. Fungu la mtu aliyepoteza heshima ya kazi yake kwa kusema kweli sikuliona, na niliitafuta sehemu yake katika sheria mpaka nikastaafu.

Nilikuwa nimeshastaafu Rajabu alipobisha hodi kwangu Makorora, ndevu zake nyeupe. "Mwalimu Bakari ametutoka. Ameusia uoshe wewe, mimi nimwage maji."

"Mimi? Sijapata kuosha mtu."

"Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema utajifunza."

Basi nikaosha, kwa woga na kwa kukosea kosea, Rajabu akimwaga maji kwa mkono wake wa kushoto, taratibu, na kunielekeza alivyosikia kwa marehemu. Tulipotoka, watu wa mtaa walikuwa wamejaa uani, wengi wao wale wale, wakitutazama nyuso zetu.

Mmoja akanisogelea, akaniuliza marehemu yukoje.

Nikamwambia macho yangu nimeyaacha humo chumbani, tutafute jeneza.