Kitunguu saumu cha mama kilivyong'olewa kwa kosa la jina: Kalenga, miaka ya hamsini

Wakuu, habari za humu ndani. Wengi wenu nawazidi umri, kwa hiyo shikamoo zenu nazipokea hata kabla hamjazitoa.

Naandika mwenyewe kwenye simu, sijaandikiwa na mjukuu. Nilichokiona nitasema nimekiona, nilichosimuliwa nitasema nimesimuliwa. Chumvi sitaongeza, hasira iliyomo inatosha.

Juzi kuna mwanachama kaandika humu kwamba kitunguu saumu kimeitwa hivyo kwa kuwa ni cha watu wanaofunga Ramadhani. Mkacheka, mkamgongea laiki. Mimi sikucheka. Neno hilo lilivunja nyumba yetu.

Ni miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Tulikaa Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa. Baba alikuwa Mhehe, mwimbaji wa kanisa. Mama alikuwa Msafwa wa milima ya Mbeya. Alipoolewa alikuja na vitunguu vyake vimefungwa kwenye pindo la kitenge. Hiyo nimesimuliwa.

Mahindi yalikuwa ya baba. Kuku walikuwa wa bibi mzaa baba. Kitu pekee pale nyumbani ambacho mama aliweza kusema "hiki changu" kilikuwa tuta moja nyuma ya jiko.

Kila masika yakiisha alitenganisha punje, akazifukia moja moja, ncha juu. Akafunika tuta kwa nyasi kavu. Kipupwe chote alimwagilia maji aliyosuuzia vyungu. Alikuwa akituambia baridi ndiyo inayokigawa kitunguu punje. Ukiking'oa mapema unapata duara tupu, hakifai kula wala mbegu.

Jina hatukulijua. Kwetu kilikuwa "kitunguu cha mama". Siku moja akapeleka vichache dukani Iringa mjini, kwa mzee mmoja Mwislamu. Ndiye aliyetuambia kinaitwa kitunguu saumu. Mama akarudi na jina lile kama mtu aliyepewa zawadi, akawatangazia wenzake mtoni.

Hapo ndipo alipokosea. Kosa lake lilikuwa kufurahi.

Maana Kiswahili chetu cha bara kilikuwa cha shuleni na cha kanisani. Saumu tuliyoijua ni kufunga. Haikupita muda, mzee wa kanisa akaja nyumbani. Nilikuwa hapo hapo napembua mchele.

Akasalimu, kamwene, kamwene, akakaa, akanywa togwa yetu kwanza. Kisha akasema, "Mama Neema, nasikia unalima saumu ya Waislamu nyuma ya jiko la mwimbaji wetu."

Mama akamjibu, "Baba, mimi nimepanda kitunguu."

"Na jina?"

"Jina nimepewa dukani. Jina sikulipanda."

Bibi akacheka. Mzee hakucheka. Akasema tuta liondolewe kabla ya Jumapili ya Meza ya Bwana, la sivyo mama asisogee mezani. Akaongeza, akimtazama baba aliyekuwa amekaa pembeni, kwamba Jumapili hiyo hiyo watachaguliwa wazee wapya.

Baba alitaka uzee wa kanisa kuliko alivyotaka kula. Hilo kila mtu Kalenga alilijua.

Alipoondoka, mama akaomba kitu kimoja tu: aende dukani akamuulize yule mzee maana ya neno. Kama kweli ni kitu cha dini, atang'oa mwenyewe. Baba akakubali. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Nenda ukaulize."

Tukaenda mimi na yeye, kwa miguu, alfajiri, ukungu umejaa bonde zima.

Yule mzee wa duka aliposikia habari alicheka mpaka akashika meza. "Dada yangu," akasema, "sisi tukila kibichi tunaambiwa tusikaribie hata msikiti, kwa harufu yake. Kwa Waarabu ni thumu. Kwenye Kiswahili ikageuka saumu. Saumu ya kufunga ni neno jingine kabisa."

Akamfungia mama kipande cha sukari guru. Njia nzima ya kurudi mama alikuwa akirudia maneno yale asisahau hata moja. Thumu. Thumu. Alitembea kama msichana.

Tulifika jua linazama. Tuta lilikuwa shimo.

Baba alikuwa amekaa mlangoni, amenawa, amebadilisha shati. Vitunguu vyote, mbegu yote ya mama, alikuwa amevitupa chooni. Vingine vilianguka njiani. Nilikiokota kimoja: duara tupu, hakijagawanyika.

"Nimekusaidia, Mama Neema," baba akasema.

Mama akamweleza aliyoambiwa, neno kwa neno, kama alivyoyakariri. Baba akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama kuna mwingine aliyesikia. Mama akasema ni mimi tu.

"Basi mzee wa kanisa asijue," baba akasema. "Itaonekana tumembishia."

Wakuu, hapo ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo. Mzee wa kanisa alikosea kwa kutojua. Baba alijua, na alichofanya na kujua kwake ni kutunyamazisha.

Jumapili ile akachaguliwa, na mama akakataa kusogea mezani, wakamhesabu mkaidi. Mwaka uliofuata akampelekea mama ujumbe wa kanisa, ingawa ni mume na mke wanaolala chumba kimoja, kwamba akitubu anakaribishwa mezani. Mama akamwambia, "Simama mbele ya watu useme kilikuwa kitunguu. Nami nitatubu chochote utakachonichagulia."

Hakusimama. Mama hakwenda mezani tena mpaka baba alipofariki, na hakupanda tena hata jani la mboga katika boma lile. Mboga tulinunua. Watu wakamwita mvivu, baba akawa anawasikiliza.

Nilichojifunza: asiyejua unaweza kumwelekeza. Anayejua halafu akakuomba unyamaze ili yeye apande cheo, huyo ndiye wa kumwogopa, hata kama mnakula sahani moja.

Uwanja ni wenu. Anayetaka kumtetea baba amtetee, nitasoma komenti zote. Ila msiniambie zilikuwa zama za giza. Duka lilikuwepo, njia ilikuwepo, na wa kuulizwa alikuwepo. Baba alishindwa kungoja siku moja jibu lifike.